Sarara ya Uyoga

Kwa zaidi ya miaka thelathini mke wangu alinipikia nyama bila kuionja. Aliinama juu ya sufuria, akavuta mvuke kwa pua, akatia chumvi kwa kukisia, kisha akaniletea kijiko sebuleni huku amekinga kiganja chini yake mchuzi usidondoke. "Onja, Bucha," ananiambia. Naonja, nasema imekolea au bado, naye anarudi jikoni kumalizia chakula ambacho yeye mwenyewe hatakila.

Bucha ni jina alilonipa yeye, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa na duka langu pembeni mwa soko kuu, lenye vigae vyeupe mpaka darini na gogo la kukatia nililolisugua kwa chumvi kila jioni kabla ya kwenda shule ya watu wazima. Sikuwa tajiri, lakini najivunia jambo moja mpaka leo. Katika duka langu nyama haikuitwa kwa jina lisilo lake. Ya mbuzi ilikuwa ya mbuzi, na shingo ilikuwa shingo hata kama mnunuzi amevaa suti. Mke wangu aliwaambia mashoga zake kwamba mume wake anaweza kumdanganya kuhusu saa ya kurudi nyumbani, lakini kuhusu nyama, hapana.

Yeye aliacha kula nyama kwa ajili ya mtoto. Binti yetu wa pekee, ambaye kwa wembamba wake tulimwita Kijiti, alikuwa hajaanza shule alipopata homa ya uti wa mgongo. Asubuhi moja daktari alituambia tujiandae. Mimi nilikimbia dukani kupokea mzigo, maana ng'ombe akishachinjwa hamsubiri mtu, na sijakaa vizuri nikamwona mke wangu mlangoni, na khanga aliyolala nayo wodini. Alisimama mbele ya wateja wangu akasema ameweka nadhiri. Mtoto akipona, nyama haitapita tena kinywani mwake mpaka anaingia kaburini. Kisha akageuka akarudi hospitali. Kijiti akapona.

Muuza samaki wa banda la pili hakunipa nafasi ya kupumua. Alipaza sauti wateja wasikie kwamba hata mke wangu hali nyama yangu, anajua ninachotia kwenye mashine ya kusagia. Nilicheka pamoja nao. Mke wangu naye alipopita sokoni alimjibu kwamba na yeye mkewe hali samaki wake, ila huyo sababu yake ni harufu ya mume.

Nilipostaafu, mji wetu ulikuwa umeanza kujaa migahawa ya mboga. Vijana wetu wamekuwa watu wa ajabu. Wengine hawagusi hata yai, maziwa wala asali, na wanajiita vegani. Niliikagua migahawa hiyo peke yangu kwanza, kama mtu anayekagua shule ya mtoto. Mmoja ulikuwa chini ya benki, una viti virefu ambavyo mzee akipanda hashuki bila msaada. Katika mwingine mhudumu aliniuliza kama nina mzio wa chakula chochote, nikamwambia nina mzio wa kushinda njaa, na kwa kile kijisahani alicholeta baadaye niliona hakunielewa. Mwishowe niliupata mmoja ghorofani, juu ya duka la mapazia. Una meza za mbao, madirisha makubwa yanayotazama barabara, na mpishi mnene mwenye aproni iliyochakaa ambaye hutoka jikoni kuwatazama watu wakila.

Jumapili ya kwanza nilipompeleka mke wangu pale, alifungua orodha ya vyakula akaanza kumuuliza mhudumu, kama alivyozoea, hiki kina nini, na kile kimepikwa kwenye mafuta gani. Mhudumu akamwambia, "Mama, humu ndani kila kitu unaweza kula." Mke wangu alifunga orodha. Akaagiza dengu, biringanya za kuchoma, supu ya maboga na wali wa uyoga, vitu vya watu wanne. Alionja vyote. Alichovya kijiko kwenye bakuli langu bila kuomba. Sijapata kumwona mtu akila kwa uhuru namna ile, na tangu siku hiyo Jumapili ikawa yetu na meza ya dirishani ikawa yetu.

Ugonjwa wa kusahau ulianza polepole. Alisahau funguo, halafu akasahau mlango wenyewe. Akawa anamtengea chakula dada yake aliyekwisha kufa. Binti yetu akawa mgeni kwake. Kijiti, ambaye sasa ni mwanamke mrefu mwenye mwili wa kutosha na sauti ya kuamrisha, anafundisha udereva, na siku za Jumapili hutuchukua kwa gari la shule ya udereva lenye herufi kubwa ya mwanafunzi juu ya paa na breki pande zote mbili. Mama yake hukaa mbele. "Dada, unaendesha vizuri," humwambia. "Mama yako yu hai?" Kijiti humjibu kwamba yu hai, anamshukuru Mungu.

Kisha mke wangu akasahau nadhiri. Alianza kuniuliza mezani kwa nini siku hizi simletei nyama. "Bucha gani wewe," aliniambia siku moja, "mkeo anakula majani kama sungura." Alisema kwa utani, lakini kesho yake aliuliza tena bila utani, na wiki iliyofuata aliuliza huku akilia kama mtoto anayenyimwa.

Hapo ndipo mimi na binti yangu tulipokosana. Yeye alisema nimpe. Nadhiri ilikuwa kwa ajili yake, naye amepona, ana mwili wa kuonyesha. Mungu hawezi kumshika mwanamke mgonjwa kwa neno asilolikumbuka. Nilimwelewa. Lakini mimi niliiona ile nadhiri kama koti ambalo mtu amekuachia mkononi, akasema nishikie, narudi. Aliiweka akiwa na akili zake zote, mbele yangu, na aliishika maisha yake yote. Kama hawezi tena kuishika yeye, nitaishika mimi.

"Sasa atakuwa analia kila siku kwa ajili ya koti?" Kijiti aliniuliza.

Njia ya katikati aliitoa yeye. Yule mpishi mnene alikuwa na ufundi wa kutengeneza vitu vinavyofanana na nyama. Kijiti alikwenda kuzungumza naye, na mpishi akasema atatupikia sarara, ile nyama laini ya mgongoni ambayo kila mteja wangu aliitaka na wachache waliipata. Ingekuwa ya uyoga na soya, na maji ya bitiruti, kile kiazi chekundu, ili ikikatwa itoe rangi. Tulipatana kwamba hakuna atakayesema ni nyama. Itawekwa tu mezani. Macho yake yakimwambia ni nyama, hayo ni mambo yake na macho yake. Nilikubali, na nilijiona nimefanya la busara. Mama atatulia, na nadhiri haitaguswa.

Jumapili hiyo alivaa gauni lake la buluu. Mpishi alileta sahani mwenyewe. Nimekaa na nyama maisha yangu yote, lakini nakiri nilisogeza kiti. Ilikuwa na ukoko wa kahawia juu, nyuzinyuzi pale kisu kilipopita, na maji mekundu yaliyotambaa mpaka kwenye viazi.

Mke wangu aliitazama kwa muda, kisha akanitazama mimi. Hakumtazama mpishi wala binti yake. Katika mambo ya nyama hakuwahi kumuuliza mtu mwingine.

"Bucha, hii nyama gani?"

Kijiti alinikanyaga mguu chini ya meza. Uso wa mke wangu ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu ugonjwa uanze. Alikuwa ananijua. Alikuwa anajua mimi ni nani, kazi yangu ni nini, na swali hilo huulizwa nani. Ningeweza kumwambia ni uyoga, na angeisukuma sahani, na tungerudi nyumbani na machozi yale yale.

"Ng'ombe," nikasema. "Sarara."

Alikula. Alikata vipande vidogo, akavitafuna polepole akiwa amefumba macho. Alisema nyama imelala vizuri, haikuchinjwa jana. Alimsifu mpishi. Kijiti alitabasamu kwa ushindi, mpishi akarudi jikoni akiimba puani, na mimi nikaanza kula dengu zangu.

Kisha niliona uma wake umetua. Alikuwa anatazama sahani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyezinduka. Wanaoishi na mgonjwa wa namna hii wanajua kwamba akili huweza kurudi mara moja, kama umeme unavyorudi, bila kuambiwa.

"Nimekula nyama," alisema.

Nikamwambia si nyama, mke wangu, ni uyoga. Hakunisikia. Alichukua kitambaa cha mezani akaanza kufuta ulimi. Alifuta, akakunja upande mwingine, akafuta tena, mpaka kikawa na doa jekundu la kile kiazi, na alipoliona lile doa akakitupa chini.

"Mtoto wangu yuko wapi? Nani yuko na mtoto wodini?"

Kijiti alipiga magoti kando ya kiti chake, akamshika mikono. Alimwambia, "Mama, mimi ndiye. Nilipona. Nitazame."

Mama yake alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu asiyejua shida yako. Akamwambia, "Dada, wewe ni mtu mzima. Mwanangu ni mwembamba. Ananing'oa roho kwa wembamba wake."

Mpishi alitoka mbio na bakuli la uyoga mbichi. Alimwonyesha, akamwonyesha soya, akamega kipande cha kiazi chekundu akajipaka mkononi aone rangi inavyotoka. Watu wa meza nyingine walikuwa wameacha kula. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho, maana ni mwanamke aliyelelewa vizuri. Kisha akanielekea mimi.

"Wewe umesema ng'ombe," aliniambia kwa sauti ya chini. "Wewe hujawahi kunidanganya kuhusu nyama."

Nilimwapia. Nilimwambia hii ndiyo mara ya kwanza, na nilisema uongo kwa kumpenda. Lakini maneno yangu ya leo yalipimwa na maneno yangu ya miaka yote, na ya miaka yote yalikuwa mazito zaidi. Kila mteja niliyemwambia ukweli juu ya shingo na mbavu alikuwa kama amekuja pale mezani kutoa ushahidi dhidi yangu. Hakuniamini.

Aliomba yule dada mwema ampeleke hospitali. Tulishuka ngazi, tukampandisha kwenye gari la shule, na binti yetu akaendesha akielekea hospitali kweli, maana hakujua aelekee wapi pengine. Kwenye kiti cha mbele mama alikuwa anaomba. Alimwomba Mungu asimchukue Kijiti kwa kosa la mama yake, kwamba hakujua, kwamba aliyempa ni mumewe na mumewe naye alisahau. Alinitetea hata hapo. Kijiti alibadilisha gia na machozi yakidondoka kwenye usukani, akisikiliza akiombewa uhai alionao.

Karibu na daraja maombi yakakoma. Mke wangu alitazama nje, akasoma bango la matangazo kwa sauti, kisha akajigusa shavu.

"Dada, mbona nalia?" aliuliza. "Kuna mtu amekufa?"

Kijiti alisimamisha gari kando ya barabara. Alimwambia hapana, hakuna aliyekufa. Mama akamkubalia kwa kichwa, lakini machozi hayakukoma. Sababu yake ilikuwa imeondoka, na huzuni ikabaki peke yake. Ilikaa naye siku nyingi. Aliamka nayo, akazunguka nayo nyumbani akiinua mito na kufungua makabati, akitafuta kitu ambacho hakuweza kukitaja.

Binti yangu hajanilaumu, nami sijamlaumu. Siku moja tu, akiosha vyombo, aliniambia bila kugeuka, "Baba, mimi nilitaka afurahi." Nikamwambia najua, mama. Mimi pia.

Tulikaa muda bila kwenda kule ghorofani. Jumapili iliyopita mke wangu mwenyewe alivaa gauni la buluu akasimama mlangoni, basi tukaenda. Mpishi alitusalimia kwa upole na hakuja karibu. Tuliketi dirishani.

"Bucha," mke wangu alisema, "leo hukuleta nyama?"

"Duka limefungwa."

"Mpaka lini?"

"Limefungwa kabisa, mke wangu. Hakuna nyama."

Nilisubiri machozi. Aliwaza kidogo, akasema basi tutakula kilichopo. Kijiti alipumua. Mhudumu akaleta zile dengu, biringanya, supu ya maboga na wali wa uyoga, nami nikamsogezea mke wangu bakuli, nikangoja achovye kijiko kama siku zote.

Alichovya. Akavuta mvuke kwa pua. Kisha akakinga kiganja chini ya kijiko, akakipeleka taratibu juu ya meza mpaka mbele ya mdomo wangu.

"Onja wewe, Bucha," alisema. "Mimi sijui kina nini."

Nilionja. Nikamwambia kimekolea. Akashukuru, akaweka kijiko chini, akakunja mikono mapajani akitutazama mimi na yule dada mwema tukila.