Zege la Maji ya Chumvi

Margarita Soka alirudi kwao Koboko, karibu na mpaka wa Sudan, mwaka 1988 akiwa na sanduku moja na ujuzi ambao hakuna aliyeuomba. Baba yake alikuwa askari. Vita vya 1979 vilipoiangusha serikali aliyoitumikia na kuwafukuza, familia ilikimbilia Sudan, na huko Port Sudan Margarita akasomea ujenzi, akaajiriwa kwenye maabara ya bandari. Kazi yake ilikuwa kuvunja zege. Walilichanganya kwa maji ya bahari na mchanga wa ufukweni, likishakauka akalibana kwenye mashine mpaka lipasuke, ajue lina nguvu kiasi gani.

Ndiyo maana alicheka pale watu wa kijiji cha Dranya walipomwambia kwamba daraja lao halitajengwa kiangazi hicho. Kijito kilikuwa kimekauka, na kisima cha karibu kilikuwa na maji ya chumvi ambayo ng'ombe tu waliyapenda. Maji matamu yalikuwa mbali, na akina mama walishinda kwenye foleni wakiyagombania. Lakini mvua zikija kabla ya daraja, Dranya ingekatika tena na soko na zahanati.

"Simiti iko, mchanga iko, maji iko," Margarita alisema. "Tunangoja nini?"

"Chumvi itakula simiti, dada," alijibu Okuonzi, mwashi wa Onduparaka ambaye kamati ya daraja ilimleta kutoka mji wa Arua.

"Inakula chuma, fundi. Simiti yenyewe inavumilia."

"Basi nionyeshe."

Margarita alimimina vipande vya zege, vingine kwa maji matamu, vingine kwa maji ya kisima. Mashine haikuwapo, kwa hiyo walichukua boriti ndefu ya mti mgumu, wakabana shina lake chini ya mwamba, wakaweka kipande chini ya boriti karibu na hapo na kupakia mawe kwenye ncha. Baada ya wiki moja, cha maji matamu kilipasuka kwanza. Cha chumvi kilidai mawe zaidi.

"Chumvi inalikomaza haraka," Margarita alieleza. "Baadaye lile jingine litalifikia, labda litalipita kidogo. Kwa mzigo wetu, yote mawili yanatosha."

Mwezi ulipokwisha walijaribu tena, na vipande vilipasuka karibu sawasawa. Okuonzi alipangusa vumbi mikononi, akachukua koleo.

Sasa ikabaki kumshawishi Wani, mwenyekiti wa kamati. Mzee huyo alifika na mkokoteni uliojaa nondo alizozichomoa kwenye magofu ya kambi ya jeshi.

"Daraja bila chuma! Watu itanicheka."

"Mzee, chuma kikikaa ndani ya chumvi hii kitashika kutu. Kutu itavimba, na zege litapasuka kutoka ndani."

"Bila chuma halitavunjika katikati?"

Swali lilikuwa zuri, na Margarita hakulikwepa. "Likilazwa kama ubao, litavunjika. Zege linapenda kubanwa, halipendi kuvutwa."

Okuonzi alichora upinde mavumbini kwa kidole. "Basi tupige tao. Nilijenga namna hii pale Kuluva. Tao inajibana yenyewe."

Margarita aliutazama mchoro ule, akahisi moyo unamruka kwa furaha. Kwa wiki nzima alikuwa akitafuta umbo hilo.

Wakajenga. Margarita alipokwenda Arua kutafuta simiti zaidi, Wani alichomeka nondo zake kwenye kingo za daraja ambazo zege lake lilikuwa bado bichi, ziwe nguzo za kushikia. Margarita aliporudi alizikuta zimeshikwa na zege lililokauka. Alifoka, kisha akaziacha. Kuzing'oa wakati ule kungeharibu kazi.

Siku ya kufungua, dereva Draku aliegesha lori lake la tumbaku mwanzoni mwa daraja, akakataa kusogea. "Mimi iko na watoto," alisema.

Margarita hakubishana naye. Aliteremka hadi kwenye mkondo mkavu, akaketi juu ya jiwe chini ya tao. Okuonzi alimfuata. Wani alisimama kidogo kule juu, akavua kofia yake, naye akashuka akiguna.

"Haya, pita!" Margarita aliita.

Lori likanguruma juu ya vichwa vyao. Vumbi kidogo liliwadondokea. Tao halikutoa hata mlio. Draku alipofika ng'ambo alipiga honi kama mtu wa harusi, na akina mama wakapiga vigelegele.

Miaka miwili baadaye kingo zikaanza kupasuka penye nguzo za Wani, na kutu ikachuruzika kama damu. Tao lilikuwa zima. Wani alipeleka ujumbe Arua, ambako Margarita na Okuonzi walikuwa wakijenga daraja jingine. Walipofika walimkuta na patasi na nyundo, ameshang'oa nusu ya nondo kwa mikono yake mwenyewe.

"Injinia," alisema bila kuona haya, "hapa tutie nini?"

"Mbao, mzee."

"Nimekwisha pasua. Iko nyuma ya nyumba."

Wakaenda wote watatu kuzibeba.