Majani ya Koleta

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, saa tatu asubuhi, Bi Mwanne alifungua pakiti ya vikombe vipya vya kuumikia mbele ya mgonjwa, ili aone mwenyewe kwamba havijagusa mgongo wa mtu mwingine. Akavaa glavu, akapangusa ngozi kwa spiriti. Bibi yake aliumika watu hapo hapo mtaani Ipuli kwa pembe ya ng'ombe, akinyonya damu kwa mdomo. Mwanne alirithi kazi, pembe akaiacha. Kila aliyeingia alipimwa presha kwanza, na wajawazito na wenye damu pungufu aliwaelekeza hospitali.

Mgonjwa alikuwa Koleta, mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Mumewe, Vedasto, alimsindikiza, akaketi mkekani. Koleta alieleza kwamba kila msimu wa kuchuma kichwa humzunguka, hutapika, na mgongo humuuma kama aliyepigwa.

"Mnachuma majani yakiwa na umande?" Mwanne aliuliza.

"Alfajiri, Bi mkubwa. Nayabeba kwapani, nguo zinalowa chapa."

Mwanne alichanja juujuu kwa wembe mpya, akaweka vikombe, akavuta hewa kwa pampu. Vikombe viwili vya juu vilipata damu kidogo, kama kawaida. Cha tatu, chini ya bega la kushoto, kilipata jani. Lilitoka taratibu likiwa limejikunja, likajaza kikombe. Mwanne alikibandua, akalivuta kwa vidole viwili, akaliweka kwenye beseni. Lilikuwa jani zima la tumbaku, limeshakauka, rangi ya chungwa. Yakafuata mengine manne.

"Yanauma?"

"Hapana. Ni kama navuliwa nguo mbichi."

Mwanne hakuwahi kutoa tumbaku, lakini mwaka uliotangulia alikuwa amemtoa fundi mwashi saruji nusu ndoo. Aliandika kwenye daftari: majani matano, makavu. Kisha akasafisha michanjo na kuifunika.

Vedasto alisogea kwenye beseni, akalinyoosha jani moja juu ya paja, akalinusa.

"Hili ni daraja la kwanza," alisema. "Halina hata doa."

"Mimi huwa nachoma yanayotoka kwa mgonjwa."

"Usiyachome, Bi mkubwa. Mwaka huu mvua imetuharibia. Tumevuna madoa matupu."

Mwanne alimgeukia Koleta, aliyekuwa bado amelala kifudifudi.

"Mwache achukue," Koleta alisema.

Mwanne hakuridhika. Aliwaandikia barua ya kwenda hospitali, na siku hiyo hiyo daktari akawaambia kwamba sumu ya tumbaku humwingia mama kupitia ngozi. Asishike tena majani mabichi, na kama hana budi, avae glavu na koti lisilopitisha maji. Alimpa cheti cha kupumzika. Kule Urambo, mwenyekiti wa chama cha wakulima alikisoma chote, akausifu mwandiko, akauliza nani atachuma badala yake.

Soko lilipofunguliwa, mteuzi wa tumbaku anayepanga madaraja, Gerson, alikuta yale majani matano juu ya mzigo wa Vedasto. Aliyageuza kwenye mwanga, akaupandisha mzigo mzima daraja. Akauliza yameota wapi.

"Kwa mke wangu," Vedasto alijibu.

Gerson aliandika, akaita mzigo mwingine.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, Koleta alirudi Ipuli na Vedasto. Macho yake yalikuwa yamezama, na viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Glavu hakuwa nazo. Mwanne alimtoa majani kumi na moja. Koleta alilala nusu saa, akaamka mwepesi, akasema sasa anaweza kubeba hata miganda miwili. Mwanne alikunja shuka. Aliona kwamba mikono yake mwenyewe ndiyo inayomrudisha huyu mwanamke shambani, na kwamba akiizuia, majani yatabaki ndani.

Barazani kulikuwa na wanaume watatu wengine wa Urambo, kila mmoja na mkewe, kila mmoja na gunia safi lililokunjwa vizuri. Walimwamkia, Mwanne akaitika, akaanza kuwapima wake zao. Wawili aliwapokea. Wa tatu, Suzana, alikuwa na weupe ndani ya kope na midomo iliyopauka.

"Wewe sikuumiki, mwanangu. Damu haitoshi."

"Itatosha lini?" mumewe aliuliza kwa adabu.

"Nenda naye hospitali apimwe leo. Akirudi nyumbani ale maini, mchicha na maharage. Na asikanyage shamba la tumbaku miezi miwili."

Mwanamume alirudia polepole, akihesabu kwa vidole asije akasahau. Hospitali. Maini. Mchicha. Maharage. La shamba hakulirudia.