Kichupa Katikati ya Barafu

"Dada Ernestina, umeshaona nani ameingia kwenye sindano akatoka muzima?"

Jirani yake Agata alimuuliza hivyo miaka sita iliyopita, udongo wa kaburi la Karoli, mume wa Ernestina, ukiwa bado haujakauka. Tangu hapo alimeza vidonge vyake vya ugonjwa wa sukari asubuhi na jioni kama asalivyo rozari, akaendelea kuanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, ufukweni, akijiambia kwamba anayemeza hafi upesi kama anayechomwa.

Lakini juzi aliona damu juu ya ndagala. Akawageuza samaki, akitafuta ilikotoka. Ilitoka kwenye unyayo wake mwenyewe. Ndoana ilikuwa imezama humo yote, naye hakuwa amesikia kitu.

Ndiyo maana leo alikuwa kwenye kituo cha afya, mguu umefungwa kitambaa, Agata pembeni yake na beseni lake la samaki wa mikeke, wamefunikwa barafu, chini ya benchi. Muuguzi, Fabiola, alisoma kipimo mara mbili.

"Mama, vidonge peke yake haviwezi tena. Tuanze sindano. Ukikataa, mguu huu utakatwa. Na baada ya mguu, Mungu ndiye anajua."

"Eeh, mumeanza!" Agata akadakia. "Mume wake mulimuchoma, siku kumi tu akaenda. Muongezee vidonge, mutoto wangu. Hata vinne. Huyu iko na tumbo la mbuzi, anameza kila kitu."

Ernestina alitaka kucheka. Fabiola hakucheka.

"Vidonge vinausukuma mwili utumie dawa yake wenyewe. Mwili wa mama umeishiwa. Sindano inauletea." Akatoa kichupa kidogo. "Hii mutaiweka wapi? Nyumbani iko frigo?"

"Hakuna," alisema Ernestina. "Walituambia ubaridi. Ya mzee tuliiweka kwa Agata, kwenye sanduku lake la samaki."

Agata akanyoosha shingo. Wema ule hakuwa ameusahau.

"Chini kabisa, katikati ya barafu! Asubuhi ilitoka ngumu kama jiwe. Naibana kwapani mpaka inayeyuka, ndipo naikimbiza kwake."

Kalamu ya Fabiola ikasimama.

"Ngumu?"

"Kama jiwe, nakuambia."

Muuguzi alikiweka kichupa mezani polepole. "Mama, hii inataka ubaridi wa chungu tu, kilichozungukwa na mchanga wenye maji, kivulini. Ikiganda mara moja, imekwisha. Ukimuchoma mutu, ni kama umemuchoma maji."

Ernestina akamwona Karoli wa siku zile kumi, akiomba maji, akimaliza ndoo, akiomba tena. Na kila alfajiri Agata akija mbio, kichupa kwapani, kabla hata hajafungua biashara yake. Miaka sita lawama yote alikuwa ameitwika sindano. Sasa hakujua aitue wapi.

Alipiga ishara ya msalaba. Kisha akapandisha blauzi, tumbo likaonekana, limelegea, lina mistari ya watoto watano.

"Nionyeshe mahali pa kuchoma, mutoto wangu." Akageuka. "Dada Agata, ukae. Uone na wewe."

Agata alikuwa akitazama mikono yake, ile iliyopasuliwa na barafu, magamba yamekauka kati ya vidole. Akaificha ndani ya kitenge. Akasimama, akatoka, na chini ya benchi beseni lake likabaki likivuja maji, tone baada ya tone.