Kura ya Macho Yaliyofumbwa

Kwaya ya Cholla Bend ilikufa mwezi wa pili, na tuliiua wenyewe kwa kupiga kura.

Mji wetu ni wa wastaafu, Arizona. Kwa sheria kila nyumba lazima iwe na mtu aliyetimiza miaka hamsini na tano. Mke wangu Jolene alitimiza zamani. Mimi nina hamsini na moja, nilikuwa fundi wa kuezeka mpaka mgongo ukanigomea, kwa hiyo hapa mimi ni kijana. "Kijana, panga viti," ndiyo iliyokuwa salamu yangu kila Jumanne kwenye mazoezi. Nilikuwa naimba besi.

Kwaya ilianzishwa na mjane, Hester Bigelow, mwaka 1974, barabara zikiwa bado vumbi tupu. Mumewe alizikwa kwa muziki wa kaseti, mkanda ukajikunja katikati, watu wakabaki wanatazama viatu vyao. Hester akasema hakuna mtu wa hapa atakayezikwa hivyo tena. Akakusanya majirani kwenye chumba cha kufulia nguo, akaweka kanuni moja: anayekuja anapewa kiti, na hapimwi sauti. Tangu hapo kila aliyefia Cholla Bend aliimbiwa, hata mzee mmoja aliyegombana na mtaa mzima kwa ajili ya mbwa. Hester mwenyewe tulimwimbia. Jolene alilia wiki nzima.

Kisha akaja Maxine Pruett. Alifundisha muziki Ohio miaka mingi, na kusema kweli alitunyoosha. Tukaanza kuingia pamoja na kunyamaza pamoja. Tukaalikwa kwenye tamasha la kwaya Phoenix, na hapo ndipo Verna akawa tatizo.

Verna Lindqvist aliimba sauti ya pili. Akili yake ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Kwenye tamasha la Krismasi, mahali ambapo sote tunanyamaza, yeye aliendelea peke yake na ubeti wa wimbo mwingine kabisa. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Maxine hakucheka.

Alimwita Orrin, mumewe Verna, pembeni penye birika la kahawa. Nilikuwa nakunja viti hapo hapo.

"Orrin, unaonaje akipumzika kidogo?"

"Apumzike na nini? Nyumbani ananiita bwana, kama mtu wa njiani. Ananiuliza basi langu linakuja saa ngapi."

"Najua ni vigumu."

"Hujui. Akishaimba hapa, tukiwa kwenye kigari cha gofu tunarudi, ananiita Orrin. Jumanne tu. Siku nyingine sita mimi ni mgeni kwake. Sasa unataka kuninyang'anya na hiyo?"

Maxine akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

Sisi wa hapa tuna tabia moja. Hatumtaji mtu. Mtu akifa tunasema amehama. Akinyang'anywa leseni ya gari tunasema ameamua kutembea kwa afya. Na tukipiga kura tunafumba macho, ili kesho tukikutana bwawani asiwepo wa kumnunia mwenzake. Kwa hiyo Maxine alisimama akasoma pendekezo, zuri, laini, bila jina: mwimbaji ambaye sauti yake haishiki tena kama zamani aketi msimu huu, awe msikilizaji wa heshima.

Tukafumba macho. Mimi sikuinua mkono. Maxine akahesabu mikono, pendekezo likapita.

Jumanne iliyofuata nilipanga viti thelathini na nane. Verna alifika wa kwanza, amepaka rangi ya mdomo. Kura hakuikumbuka hata kidogo. Orrin nyuma yake, uso kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Baada yao wakaja watatu. Basi. Tukakaa tukitazama mlango.

Jioni hiyo nilimpigia simu Clyde, aliyesimama karibu yangu kwenye besi.

"Mbona hukuja?"

"Nimeketi. Si ndivyo mlivyoamua? Nakohoa tangu Novemba, nilijua mnanisema mimi."

"Hukusemwa wewe, mzee."

"Basi nani?"

"Verna."

Akacheka, kicheko kibaya. "Kijana, una moyo mzuri. Lakini usimsingizie mwanamke mgonjwa ili mimi nijisikie vizuri."

Wote walikuwa hivyo. Dolores alijua ni yeye kwa sababu ya meno mapya. Yule wa sauti ya tatu alijua ni yeye kwa sababu ya kifaa cha kumsaidia kusikia. Nilimwambia Maxine awapigie, ataje jina, aseme kweli wazi.

"Siwezi," akasema. "Orrin atasikia."

"Orrin anajua."

"Kujua ni kitu kingine."

Alipojikaza akawapigia, hawakumwamini naye. Tumezoea kudanganywa kwa upole, hata ukweli ukija kwa upole tunaufungia mlango. Mwezi wa nne wale wanaokuja kukimbia baridi walirudi kwao kaskazini, na Maxine akahamia kwa bintiye.

Tuliendelea watano, Orrin, Verna, mimi na wanawake wawili. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Verna hakuwa anakumbuka nyimbo. Alikuwa anaegemea sauti za wale wa pembeni yake, zinambeba. Sasa pembeni palikuwa patupu. Alikuwa akianza mstari, anageuka kulia, anageuka kushoto, anakoma.

"Wako wapi wenzangu?" alimuuliza Orrin.

"Wanakuja, Verna."

"Asante, bwana. Na basi lako?"

Orrin akamfunga vifungo vya sweta, akamshika mkono mpaka kwenye kigari. Hawakurudi tena.

Tulikuwa thelathini na nane, leo hakuna kwaya. Phoenix hatukwenda. Tangu ile kura tumezika watu saba, Clyde mmoja wao, na wote saba wamezikwa kwa muziki wa simu. Na Orrin alikuwa na siku moja kwa wiki ya kuitwa jina lake na mkewe. Hana tena.