Darasa la Saba Lote

Tumseme Hedimasta Nahashon Omolo, lakini tumseme kwa haki. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, wala hakuwa mwepesi wa kiboko. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: nambari wani. Matokeo ya CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yakitoka, shule yake pale Dandora lazima izipite shule zote za jirani, na kwa miaka mitatu mfululizo ilizipita kweli. Wazazi walimbeba juu juu wakiimba, na ngao ya ushindi ikakaa ofisini, akiifuta vumbi mwenyewe.

Na siri ya ushindi huo? Siri gani, nayo ilijulikana hadi na mama wa chai! Kila Januari, kabla majina ya watahiniwa hayajapelekwa ofisi ya elimu, watoto wa darasa la saba waliokuwa wazito masomoni walirudishwa la sita. Wakaive kwanza, ndivyo alivyosema Mwalimu Nahashon. Basi wengine wakaiva hadi wakaota ndevu. Wengine wakachoka, wakaacha shule kimyakimya, na hakuna matokeo yaliyowahesabu.

Mwaka wa themanini na mbili, Teresiah, muuza mboga za sukuma wiki, akaja ofisini. Binti yake Wangeci alikuwa ametoka kurudishwa mara ya pili. Mwalimu akamkaribisha kiti, akaanza wimbo wake wa kuiva. Mama wa watu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu:

"Mwalimu, Wangeci na mdogo wake Muturi sikuwazaa pacha. Leo wako darasa moja, dawati moja. Mwaka ujao mdogo wake atamwacha, na huyo msichana hutamwona hapa tena. Mwache afanye mtihani. Akianguka, aanguke kama wenzake."

Mwalimu alijibu kwamba atafikiria, jibu la wakubwa wote wanaotaka mtu aende zake. Lakini mchana akajikuta dirishani pa darasa la sita. Wangeci alikuwa nyuma kabisa, magoti yamegota dawati. Mwalimu wa hesabu alipomtaja jina, Muturi akamnong'onezea dadake jibu, na yule msichana mkubwa akainamisha uso.

Nahashon aliona aibu, aibu ya kweli. Aliogopa pia, kwa maana alijua hesabu: ukiingiza wazito, wastani unashuka, na jina lake linashuka nao. Hata hivyo, kesho yake aliwarudisha wote darasa la saba, akapeleka majina yao yote, la Wangeci likiwemo. Mwaka mzima akawafundisha mwenyewe jioni, akilalamika kwa walimu kwamba watoto hao wanamzeesha, huku akiwahi kufika darasani kuliko watoto wenyewe.

Matokeo yalipotoka, lo! Shule iliporomoka hadi nambari ya kumi na moja. Ngao ikahamia kwa jirani. Ila hapo hapo, watoto walioitwa kidato cha kwanza walikuwa wengi kuliko mwaka wowote. Wangeci hakupata shule ya serikali, lakini shule moja ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wananchi, ilimchukua. Siku hiyo Teresiah aligawa sukuma wiki bure, akicheka na kulia kwa pamoja, na wateja wakamwambia atafilisika kwa furaha.

Wazazi wengine hawakucheka. Kwenye mkutano wa wazazi alisimama Gichuru, seremala na mwenyekiti wa kamati ya shule, akataka kuambiwa ni nani aliyeiharibu shule yao. Watu wakaguna. Nahashon akainuka, akashangaa kuona moyo wake umetulia tuli. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuficha, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko nambari wani.

"Haijaharibika, Bwana Mwenyekiti," akasema. "Ninyi mnajenga nyumba hapa Dandora, mnajua mgeni huishia sebuleni palipopambwa, vyumba vya ndani havioni. Miaka yote nimewakalisha ninyi wazazi sebuleni, mkitazama ngao. Mwaka huu nimewafungulia vyumba vyote."

Gichuru akakuna kidevu, akamtazama Teresiah, akamtazama Mwalimu.

"Kwa hivyo huko ndani kunavuja?"

"Kunavuja, mzee. Tena sana."

"Basi keti utuambie ni wapi," akasema Gichuru, naye akavuta kiti chake karibu.