Bilauri ya Pili

Mzee Melkizedeki wa Mandewa alikuwa fundi wa kuonja, na hilo hakuna aliyebisha, hata wale wasiompenda. Ukimpa asali kijiko kimoja atakuambia imetoka msitu upi na nyuki walikuwa kwenye maua gani. Ukimpa chai atakuambia maji yamechotwa bomba la nani, na kama sufuria ilipikiwa maharage jana yake. Kwa miaka thelathini na minane hakuna sherehe mtaani kwao iliyoanza kunywa kabla yeye hajapewa kata ya kwanza, akaizungusha mdomoni, akameza, akatulia, kisha akatoa hukumu. Watu wazima na akili zao wanasimama na vikombe mikononi wakimsubiri mtu mmoja ameze! Lakini ndivyo ilivyokuwa, na walikuwa wamezoea.

Na kama pombe yenyewe ni wanzuki, ile ya asali, ya mkewe Theresia, hukumu ilikuwa ileile siku zote: "Hii ni asali ya Rungwa." Sasa, mizinga ya Rungwa ilikuwa yake. Aliirithi kwa baba yake, na kila msimu alikuwa akienda huko kurina na kurudi na madebe. Kwa hiyo ukitazama vizuri, mzee alikuwa akijisifu mwenyewe mbele za watu, huku mwanamke aliyepasha maji, akachanganya, akachuja na kupigana na inzi siku sita amesimama pembeni na kanga kiunoni. Theresia hakununa. Alimuuliza tu, kila mara, polepole, ameonja nini humo. Akijibiwa ni asali, alisema "haya," akachukua kata yake akaenda kuwahudumia wageni.

Theresia alifariki mwaka juzi, moyo. Siku ya mazishi mzee hakulia. Alikaa kwenye kiti chake akapokea mikono ya watu, akauliza kama waliotoka mbali wamekula. Wapo waliomsema kwamba ana roho ngumu. Walimkosea, maana mwenyewe alikuwa akiyatafuta hayo machozi kila asubuhi na hayaji, na jambo hilo lilimtia aibu kuliko walivyodhani.

Sasa ilikuwa imefika wiki ya kuweka msalaba kaburini. Misa ilipangwa Jumamosi, na mzee alikuwa ametamka, na akitamka ndiyo basi: siku hiyo haitanywewa bia ya kreti wala pombe ya mtama wala soda peke yake. Itanywewa wanzuki ya mama, kama alivyoitengeneza mama. Lea, binti yake mkubwa, alikuwa ameitengeneza mara tatu tangu mavuno. Mara zote tatu ilitoka nzuri tu, majirani waliimaliza. Lakini Evodia, jirani wa ukuta kwa ukuta na shoga wa marehemu tangu wakiwa wasichana, aliionja akasema ni tamu ila kuna kitu kimepungua, na hakujua ni nini. Wakabadilisha asali. Wakabadilisha mtungi. Wakaacha maji ya bomba wakachota ya kisima. Wapi!

Kulikuwa na jingine ambalo mzee hakumwambia mtu. Ile mara ya tatu, alipoiweka mdomoni, hakuwa na uhakika tena anailinganisha na nini. Ladha ya Theresia ilikuwa inamponyoka. Sauti yake aliikumbuka, mwendo wake aliukumbuka, lakini kile kitu kilichobaki mdomoni baada ya kumeza, kile ambacho watu walikuja kukifuata kutoka Ikungi kwa baiskeli, kilikuwa kinafifia, naye ndiye mwonjaji. Akishindwa yeye, nani mwingine atakikumbuka? Lea alikuwa ameanza mtungi wa nne Jumapili. Huo ukikosea hakuna muda wa mwingine.

Jumanne mchana akaingia Calist, kitinda mimba wake, kutoka Arusha, anakofanya kazi kaunta ya baa katika hoteli moja ya watalii. Shikamoo baba, marahaba, za safari, akakaa, akala. Kisha akafungua begi, akatoa chupa mbili zilizoviringishwa ndani ya sweta. Ilikuwa wiski ya Marekani, aliyopewa na mgeni mmoja wa hotelini. Meneja alitaka kujua ipi inafaa kuwekwa rafu ya juu, na alimwagiza Calist aandike mistari michache kuhusu ladha ya kila moja. Calist alikuwa ameonja mpaka ulimi ukafa ganzi na alichoandika ni "kali" na "kali zaidi." Ndipo akamkumbuka baba yake.

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Akataka maji ya kusukutua na bilauri mbili safi, "safi, siyo hizo za kunywea maziwa." Calist akamimina kidogo kidogo akiwa amempa mgongo, ili asijue ipi ni ipi.

Mzee alianza na bilauri ya kwanza. Hakunywa. Aliipitisha chini ya pua mdomo ukiwa wazi kidogo, akaiweka, akasubiri, akairudia. Ndipo akachukua tone la kulowesha ulimi, akalishikilia huku akipumua kwa pua. Akasema haya ni mahindi, na yameungua kidogo mahali fulani. Akasema kuna nafaka nyingine inayoyatuliza, haina ukorofi, inakuja kama mkate uliotoka kwenye oveni. Calist alitoa macho. Ilikuwa hivyo hivyo: wiski za aina hiyo huwa ni mahindi kwa wingi, na wengine huongezea nafaka kali inayochoma koo, lakini watengenezaji hawa walitia ngano badala yake. Mzee akasema huyu ni mtu mpole, unaweza kukaa naye mchana kutwa. Akasukutua.

Kisha akashika bilauri ya pili.

Ile ya pili ilimpiga puani kabla haijafika. Ni nafaka zilezile, aliwatambua ndugu hao mara moja, lakini juu yao kulikuwa na vanila, mdalasini, na sukari iliyoachwa motoni ikawa nyeusi pembeni. Akaionja. Ilikuwa nzito zaidi, ikajaa mdomo mzima, na ilipopita kooni ikaacha ukavu kwenye fizi, kama ukitafuna kijiti. Na ndani ya ukavu ule kulikuwa na harufu. Mzee akafumba macho. Ilikuwa ni harufu ya ndani ya mzinga mkuukuu, ule wa gogo la mninga, siku unapofungua mfuniko wakati nyuki wamekwishahama na nta imekauka ukutani.

"Hii ya pili imetiwa mti," alisema. "Siyo mwanzoni. Ilikwishaiva, ndipo wakaitia mti uliopitishwa motoni."

Calist akaiacha kalamu. Alieleza kwamba wiski zote mbili hukaa miaka ndani ya mapipa ya mwaloni yaliyochomwa kwa ndani, lakini ile ya bei ya juu, ikiisha kuiva, hutumbukizwa tena mbao nyingine za mwaloni zilizobanikwa kwa namna yake, ikaachwa nazo wiki kadhaa. Ndiyo tofauti yenyewe, hakuna nyingine. Akamuuliza baba yake aandike ipi ni bora. Mzee, macho bado kayafumba, akasema aandike kwamba ya kwanza ni ya kunywa na rafiki, na ya pili ni ya siku moja kwa mwaka. Kwamba mti umezidi kidogo, umeikalia ngano, lakini ukiidondoshea maji kijiko kimoja mti unasogea na ngano inapata nafasi ya kusema. Aiweke rafu ya juu. Kisha akabaki ameikumbatia bilauri, macho hayafumbui, hadi Calist akaogopa kwamba imempanda kichwani.

Haikumpanda. Alikuwa amemwona Theresia.

Alimwona anatoka nyuma ya jiko asubuhi, siku ya nne ya wanzuki, ameshika kipande cha mzinga mbovu. Nyuma kule kulikuwa na rundo la mizinga iliyopasuka, aliyoirudisha mzee kutoka Rungwa mwaka hadi mwaka. Alimwona anakiweka motoni, kinashika weusi, anakitoa kabla hakijawa mkaa, anakikung'uta. Miaka yote mzee alidhani anawasha moto. Nani anauliza mwanamke anafanya nini na kuni jikoni kwake?

Na likaja jingine, likamchoma zaidi. Mwaka wa pili au wa tatu wa ndoa yao, mzee alipokuwa akiosha mtungi, alikuta ndani yake, chini kabisa, kipande cha mti mweusi. Akakitupa majanini. Akamwita Theresia akampa somo la usafi, refu, mbele ya mawifi zake, kwamba wanawake wa kwao Rungwa hawaachi takataka zidondokee kwenye pombe. Theresia akacheka akasema basi, ataangalia. Mwezi uliofuata wanzuki ilitoka butu, haina mkia wa kubaki mdomoni. Mzee akailaumu mvua! Mwezi wa tatu ikarudi kama zamani, na tangu hapo Theresia aliosha mitungi yake mwenyewe, hakumruhusu mtu.

Kumbe miaka yote ile alikuwa akiulizwa swali lenye jibu. "Umeonja nini humo?" Na yeye, fundi, mwenye ulimi wa kutambua bomba la jirani, akijibu asali, kwa kuwa asali ilikuwa yake.

Aliinuka akamwita Lea, akamweleza yote, hakuficha hata lile somo la usafi. Lea akashika mdomo. Rundo la mizinga halikuwepo tena. Waliipasua wakati wa msiba, wakawapikia waombolezaji, na yeye Lea ndiye aliyesema ichukuliwe kwa kuwa ni kuni kavu zinazooza bure. Walipikia ubwabwa na maharage ule mninga wote, siku tatu. Binti alianza kulia, na mzee akamwambia anyamaze, kosa la kutojua si lake yeye.

Wakazunguka nyumba nzima. Wakaangalia darini, stoo, chini ya kitanda. Calist ndiye aliyesikia kuku akilalamika nyuma ya choo. Kulikuwa na nusu ya mzinga umelazwa pale juu ya mawe, Theresia aliuweka uwe kiota, na humo alikuwa amelala tetea mwekundu mwenye hasira. Ilibidi wamtoe kwa nguvu. Alimdonoa Calist vidoleni mara mbili na mayai yake wakayahamishia kwenye karai. Mzee akaingiza kichwa kizima ndani ya ule mzinga, mwanamume wa miaka sabini na minne, akanusa. Upande wa juu, ambako kuku hafiki, nta ilikuwa bado imeshika. Wakaukata upande ule, wakauosha, na Jumatano asubuhi Lea akaupitisha motoni, akautumbukiza mtungini.

Mzee hakuruhusu mtu aionje kabla ya siku yenyewe. Yeye mwenyewe hakuisogelea, na siku zile mbili zilikuwa ndefu kwake.

Jumamosi padri alibariki msalaba, maua yakawekwa, watu wakarudi nyumbani wakakaa kwenye mikeka na viti vya plastiki. Lea alichuja, akaja na kata ya kwanza akampa baba yake kwa mikono miwili. Kelele zikatulia zenyewe. Mzee akanusa. Akaiweka mdomoni, akaizungusha, akameza. Watu wakasubiri wasikie habari za asali ya Rungwa kama walivyozoea, na wengine walikwisha kuinua vikombe.

Ilikuwa ni yenyewe. Ilipita tamu, ikaja chungu kidogo, na mwisho ule ukavu kwenye fizi, ule mkia. Alikuwa amerudi mdomoni mwake, mzima, na kanga yake kiunoni.

"Nimeonja mti," alisema. Sauti ilimtoka ndogo, ikabidi arudie. "Miaka thelathini na minane nimewaambia ni asali yangu. Sikusema kweli. Alikuwa anatia mti wa mzinga, akauchoma kwanza, na alijua siku ya kuutia na siku ya kuutoa. Hii ni kazi ya Theresia. Ilikuwa ya Theresia siku zote, na sikumwambia hata mara moja."

Evodia, aliyekuwa kati ya wanawake, alisimama ghafla, akajifunga kanga vizuri, akatoka bila kumuaga mtu. Wakadhani amechukizwa. Haukupita muda akarudi, amebeba jogoo mweupe, amemshika miguu, mabawa yanapiga.

Akamwendea mzee moja kwa moja. Alimwambia kwamba Theresia alikuwa na usemi wake, kila wakichuja pamoja: siku Melki atakapotaja mti, nitamchinjia jogoo. Kila mara, miaka yote. "Mimi nilidhani anataka umpandie mti wa kivuli, shemeji," Evodia alisema. "Nilikuwa namcheka. Sikujua alikuwa anakungoja. Pokea, ni wa kwake."

Mzee Melkizedeki aliweka kata chini. Akampokea yule jogoo kwa mikono miwili, akambana kifuani juu ya shati lake jeupe la misa, na vumbi lake na kelele zake zote, na hapo ndipo alipolia.