Aliyemsomea Cheko Namba

Wewe unayenisikiliza, nikutegee. Chumbani wamo wawili, mmoja anasoma, mmoja anaandika, na waliosikika ni watatu. Ehe? Usihangaike kunipa mji. Miji nimepewa mingi na sijahamia hata mmoja. Kaa tu, jibu litakuja lenyewe.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, yuko mwaka wa tatu chuo kikuu. Anasoma fizikia, ule mkondo wa matumizi, wa watu wa kupima: joto, sauti, mionzi. Wenzake wanamwita Sentimita kwa ufupi wake, na ufupi huo kautoa kwangu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kila jioni hunieleza alichosoma, nami humtegea kitendawili, tunatoka sare.

Kazi yake ya kumalizia masomo ilikuwa kupima mionzi ya chumba kitupu.

"Bibi, hakuna mahali pasipo na mionzi. Imo ukutani, imo hewani, imo hata mwilini mwako."

"Mwilini mwangu mna maumivu ya magoti tu," nikamwambia.

Basi kuna mashine ndogo, kama redio ya mkononi. Inalia tik, tik, na kila dakika ikiisha inatoa namba. Namba hizo hazina ratiba. Ikitoka kumi na mbili, ijayo yaweza kuwa ishirini, yaweza kuwa tisa. Hakuna profesa wala mganga wa kuitabiri. Hilo alinisisitizia sana.

Na wana utaratibu wao. Mmoja anasoma namba kwa sauti, mwenzake anairudia, ndipo anaiandika daftarini kwa wino. Akikosea hafuti. Anapiga mstari mmoja juu ya kosa, libaki linasomeka, kisha anaandika sahihi pembeni.

Mwenzake alikuwa msichana mrefu wanayemwita Cheko, maana hata mtihani ukimshinda hucheka. Mimi nilikuwa namsikia kwa jina tu. Siku ya kipimo mjukuu wangu alisoma, Cheko akaandika, akiwa ameelekea ukutani. Walikuwa na haraka ya kuwahi kipindi kingine, wakaruka lile la kurudia namba. Haraka haraka, unajua mwisho wake.

Siku ya pili Mhadhiri wao akawaita. Kumbe mashine ina kumbukumbu yake ndani. Akalinganisha namba ishirini za mashine na ishirini za daftari: hakuna hata moja iliyofanana.

"Mmepika namba," akasema. Na chuoni kwao, anayepika namba anafukuzwa.

"Mwalimu, mimi nilisoma zilizotoka," mjukuu wangu akajitetea.

Mhadhiri akamgeukia Cheko. "Na wewe, uliandika ulichosomewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulisomewa na nani?"

Cheko machozi yalimtoka, neno halikumtoka. Tangu siku hiyo hakukanyaga maabara, wala hakuna aliyemsikia akicheka.

Mhadhiri akalifungia daftari kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Akampa mjukuu wangu nafasi moja tu: arudie kipimo baada ya wiki tatu, Ijumaa saa nane mchana, na mtu yeyote anayejua kusoma tarakimu. Rafiki zake wote wakapata udhuru. Huyu ana homa, yule ana msiba, wa tatu hakupokea hata simu.

"Bibi, nimebaki na wewe."

"Ulianza na mimi, mke mwenzangu. Leo ndiyo unajua?"

Tukapatana: macho yangu bado yanaona, ila mkono mzito. Nisome mimi, aandike yeye.

Chumba chenyewe kiko chini ya jengo. Meza ya chuma, viti viwili, dirisha lisilofunguka, taa nyeupe. Mhadhiri akaiwasha mashine mbele yetu, akasimama pembeni mikono nyuma. Tik. Tik, tik.

"Kumi na nne," nikasoma.

"Kumi na nne," mjukuu wangu akarudia, akaandika.

Nilipofika namba ya tano nikaanza kusikia kitu. Kalamu yake ikikwaruza, kalamu nyingine ilikuwa inakwaruza nyuma yake kidogo, upande wa ukutani. Nikatazama. Hakuna mtu. Mhadhiri hakuwa na kalamu. Shingo ikanisisimka, lakini nilijua nikinyamaza mjukuu wangu anafukuzwa. Nikaendelea kusoma, na kila namba niliyotamka nilihisi imepokelewa mara mbili.

Ya tisa macho yakanidanganya. "Kumi na moja... la, samahani, mke mwenzangu, kumi na saba."

Mjukuu wangu akapiga mstari juu ya kumi na moja, akaandika kumi na saba pembeni. Na kule ukutani nikasikia mstari mmoja unapigwa.

Tulipomaliza ya ishirini, ile kalamu nyingine ikanyamaza pia. Mhadhiri akalinganisha daftari jipya na kumbukumbu ya mashine. Zote ishirini sawa. Akapumua. "Hongera, umepita." Mjukuu wangu akaniangukia begani.

Kisha Mhadhiri akafungua kabati atoe lile daftari la zamani, aandike kwamba limefutwa. Akalifunua, akaliweka kando ya jipya, na kalamu ikabaki hewani. Kumi na nne kwa kumi na nne. Ishirini na mbili kwa ishirini na mbili. Mstari wa tisa, kwa mwandiko wa Cheko, wa wiki tatu nyuma: kumi na moja imepigwa mstari, kumi na saba pembeni.

Aliangalia ufunguo wake. Akaniangalia mimi, ambaye sikuwahi kukanyaga chuo hicho kabla ya siku ile.

Mlangoni alikuwa amesimama msichana mrefu. Alikuwa ameitwa kuja kuweka sahihi, na uso ulivyomsawijika, alikuwa amesimama hapo tangu nilipokuwa nasoma.

"Cheko," Mhadhiri akasema polepole, "nilikuuliza siku ile. Ulisomewa na nani?"

Akaninyooshea kidole.

"Na huyu bibi."